Jiko la nje kwenye gari la kambi: lijue kama linakufaa, kisha lijenge lidumu kwenye barabara za Uganda

Magari matatu yameletwa kwangu mwaka huu na yote yana ugonjwa mmoja. Droo ya jiko la nje, lile linalovutwa kutoka nyuma ya gari, imelegea na inaburuza, mchele umechanganyika na vumbi jekundu, mpira wa gesi umechubuka kwenye ukingo wa bati, na mwenye gari amesharudi kupika kwa sigiri chini ya mti. Wenyewe si wavivu. Waliiga jiko waliloliona kwenye video za Marekani, ambako gari la kambi hupita lami na kuegeshwa kwenye uwanja uliosawazishwa. Hapa kwetu jiko hilo hilo linapitishwa kwenye murram, barabara ya udongo mwekundu, ya kwenda Buhoma kwenye msitu wa Bwindi.

Mimi ni dereva na mpishi wa safari. Nimepika nyuma ya gari kuanzia Ziwa Mburo hadi Kidepo, na majiko manne ya nje nimeyajenga mwenyewe nikisaidiana na wachomeleaji wa Katwe, Kampala. La kwanza liliharibika vibaya, nitaeleza lilivyoharibika. Mwongozo huu ni wa mtu mwenye HiAce, Land Cruiser au trela ndogo, anayetaka kulala na kupika njiani.

## Linafaa au halifai?

Linafaa kama unapika mwenyewe angalau nusu ya siku unazolala njiani. Chini ya hapo, meza ya kukunja na jiko dogo la gesi vinakutosha, na ile nafasi iliyobaki iwekee godoro zuri. Anayelala hotelini, anayekula rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) asubuhi na kuku wa kuchoma wa kando ya barabara pale Namawojjolo mchana, atakuwa anabeba kilo themanini za jiko bure.

Kwa anayepika kweli, sababu ya kulitaka ni nzito. Gari la kulala si mahali pa moto. Mvuke wa matooke hulowesha dari, mafuta ya kukaangia huingia kwenye matandiko, na harufu ya samaki hubaki humo wiki nzima. Hali ya hewa yetu inaruhusu kupika nje karibu mwaka mzima. Mvua ya Machi hadi Mei na ya Septemba hadi Novemba inahitaji turubai zuri, lakini haikuzuii kupika.

Hasara yake kubwa ni nafasi. Kwenye HiAce, jiko la droo litakula karibu theluthi ya sehemu ya nyuma. Hesabu hilo mapema, hasa kama mnasafiri na watoto.

## Vifaa vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Usianze kukata mbao huku unasubiri reli. Vipimo vya sanduku vinatokana na reli na jiko ulilonunua.

Vya kujengea:

- Plaiwudi inayostahimili maji, milimita 18 kwa sanduku na milimita 12 kwa vigawanyo vya ndani
- Bomba la mraba la chuma la milimita 25, la fremu
- Jozi ya reli za droo zilizoandikwa uwezo wa kilo 100 au zaidi, zenye kufuli pande zote mbili, droo ikiwa imefungwa na ikiwa imevutwa
- Bolti za milimita 8, washa pana, na nati zenye pete ya nailoni ndani
- Makomeo mawili ya kubana, kama yale ya masanduku ya vyombo vya muziki
- Mpira wa mlango wa gari, mita nne au tano (soko la vipuri la Kisekka, Kampala, utaupata)
- Bati jembamba la alumini la kuzungushia sehemu ya moto
- Vanishi ya nje, silikoni, msasa

Vya gesi:

- Mtungi wa kilo 6
- Regyuleta inayolingana na mtungi wako, kwa sababu vichwa vya mitungi hutofautiana kati ya kampuni na kampuni
- Mpira maalumu wa gesi usiozidi mita moja na nusu, na klipu mbili za chuma
- Jiko la pleti mbili lenye miguu ya mpira

Vya usalama: mtungi wa unga wa kuzimia moto, ndoo, na kipande cha sabuni. Sabuni utaihitaji kabla ya yote.

## Hatua ya 1: Pika siku tatu bila kujenga chochote

Watu hawapendi hatua hii, lakini ndiyo inayookoa fedha nyingi zaidi.

Chukua meza ya kukunja, jiko lako la gesi na kikapu cha vyombo. Nenda mahali pa karibu, Entebbe au Jinja panatosha, ulale siku tatu na upike milo yote. Kila unaponyoosha mkono kutafuta kitu na hukioni, andika. Kila kitu ambacho hukukigusa kwa siku tatu, andika pia.

Mwenzangu mmoja alitaka sinki, friji ya kuvuta na kabati la viungo. Baada ya siku tatu karatasi yake ilikuwa na mambo manne tu: sehemu ya kukatia mboga, mahali pa kuweka kifuniko cha sufuria kikiwa cha moto, mwanga usiomfanya ajikate kidole, na ndoo ya taka. Alijenga jiko nusu ya lile alilokuwa amelipanga, na bado analitumia.

Utajua umefaulu ukiwa na karatasi yenye vitu visivyozidi kumi unavyotumia kila mlo. Hivyo ndivyo vitakaa kwenye droo. Vingine vyote viende kwenye sanduku la kawaida.

Kama baada ya siku hizo tatu umechoka na umekula rolex mara nne, acha hapo. Umepata jibu lako.

## Hatua ya 2: Chagua upande

Uganda tunaendesha kushoto. Kwa hiyo upande wa kushoto wa gari ndio unaotazama ukingo wa barabara, majani na usalama. Magari ya kambi ya Marekani huwekewa jiko la nje upande wa kulia kwa sababu kule wanaendesha kulia. Ukiiga mchoro wao bila kuugeuza, utajikuta unakaanga mayai mgongo ukiwa kwa malori ya Masaka.

HiAce zinazotoka Japani zina mlango wa kuteleza upande wa kushoto, na hilo linatusaidia. Hata hivyo, mimi nachagua nyuma. Mlango wa nyuma wa HiAce unafunguka kwenda juu, nao ni paa la bure juu ya kichwa cha mpishi. Land Cruiser nyingi za safari zina milango ya nyuma inayofunguka pembeni kama ya kabati. Hizo hazikupi paa lolote, na lazima uongeze turubai linalotoka kwenye keria ya juu.

Onyo: kama mlango wa nyuma unashuka polepole wenyewe, badilisha vile vinyanyuzi vya gesi vinavyoushikilia kabla ya kujenga. Mlango ukikushukia kichwani umeshika sufuria ya maji ya moto, utaungua na utaumia kwa pamoja.

Tena, bomba la moshi la gari liko huko huko nyuma. Injini izimwe kabisa wakati wa kupika, hata kama mtu anataka kuchaji simu.

## Hatua ya 3: Pima uzito, kisha pima kiwiko chako

Weka kila kitu kwenye mizani. Sanduku na fremu kilo 30, mtungi uliojaa kilo 13 hivi, maji lita 20 ambayo ni kilo 20, vyombo 8, chakula 9. Jumla ni kilo 80.

Sasa tazama kinachotokea ukilining'iniza sanduku hilo nje, kwenye bampa, mita moja nyuma ya ekseli. Kwenye gari ambalo ekseli zake zimeachana mita 2.5, kilo 80 hizo zinaitwisha ekseli ya nyuma kilo 112 na kuiondolea ya mbele kilo 32. Magurudumu ya mbele ndiyo yanayokata kona na kubeba sehemu kubwa ya breki. Kwenye matope ya Kisoro utausikia usukani ukiwa mwepesi kuliko unavyopaswa. Weka jiko ndani, karibu na ekseli kadiri inavyowezekana, na maji yakae mbele zaidi.

Kimo nacho ni muhimu. Simama wima, kunja mkono, pima kutoka ardhini hadi kwenye kiwiko. Sehemu ya kukatia iwe sentimita 10 hadi 15 chini ya hapo. Midomo ya sufuria isivuke kiwiko, la sivyo utakuwa unakoroga posho (ugali) kwa mabega, na anayejua posho anajua kwamba huko ni kuumia.

## Hatua ya 4: Fremu ifungwe kwenye gari, isifungwe kwenye mbao

Fremu ya bomba la mraba ichomelewe kwa vipimo vya sanduku, kisha ifungwe sakafuni kwa bolti zisizopungua nne. Tumia matundu ya viti vilivyoondolewa kama yapo, kwa sababu hapo bodi ya gari imeimarishwa tangu kiwandani. Kama unatoboa matundu mapya, ingia kwanza chini ya gari utazame. Paipu za breki na tangi la mafuta hupita huko.

Nilipokwenda Katwe na jiko la pili, fundi aliniuliza, "Mzee, kwa nini usipige skrubu tu kwenye plaiwudi ya sakafu? Nusu saa tumemaliza." Nikamwonyesha skrubu za jiko la kwanza. Zilikuwa zimechimba matundu ya duara kwenye mbao kama zimetafunwa. Murram yenye makunyanzi hutikisa gari mara nyingi kwa kila dakika, na kila mtikisiko huzungusha skrubu kidogo. Bolti yenye washa pana chini na nati ya nailoni haizunguki kirahisi.

Utajua umefaulu ukishika fremu kwa mikono miwili na kuivuta kwa nguvu zako zote, gari zima likatikisika lakini fremu isiteleze hata unywele.

## Hatua ya 5: Droo na reli

Reli zote mbili lazima ziwe sambamba kabisa. Tofauti ya milimita mbili itafanya droo ikwame siku ya kwanza na kuchakaa mwezi wa pili. Pima umbali kati ya reli mbele, katikati na nyuma, kisha tumia pimamaji. Pimia gari likiwa mahali tambarare, la sivyo pimamaji itakudanganya.

Sehemu ya moto iwe mwisho wa droo, mbali na gari, na sehemu ya kukatia iwe kati ya moto na gari. Wengi hufanya kinyume kwa sababu jiko ni zito na wanaogopa kuliweka mwishoni. Matokeo yake moto unakaa chini kabisa ya mlango wa nyuma, rangi inababuka na mpira wa mlango unayeyuka. Liweke mwishoni, kisha ongeza mguu wa kukunja unaogusa ardhi. Mguu uwe wa kurefuka na kufupika, kwa sababu ardhi ya kambini haijawahi kuwa sawa.

Zungushia sehemu ya moto bati la alumini pande tatu na chini, ukiacha nafasi ya sentimita mbili kati ya bati na mbao. Hewa hiyo ndiyo inayokinga mbao.

Halafu makomeo. Hapa ndipo niliumia. Fundi aliyenifungia droo ya kwanza aliniambia kufuli la reli linatosha, nami nikakubali. Tukipanda kutoka Kabale kuelekea Kisoro, kwenye mwinuko mrefu, kufuli liliachia. Droo nzima iliteleza nyuma na kugonga mlango kwa ndani, kioo kikapasuka, na lita tatu za mafuta ya kupikia zikamwagika kwenye matandiko ya wageni. Nilitandaza magodoro juani siku mbili na harufu haikutoka. Tangu hapo droo zangu zina makomeo mawili ya kubana kwa nje, kushoto na kulia, mbali na kufuli la reli.

Utajua umefaulu ukivuta droo yote, ukaweka ndoo ya lita 10 iliyojaa maji juu ya pleti, mguu ukiwa chini, na ukingo wa droo ukashuka chini ya sentimita moja.

## Hatua ya 6: Gesi

Soma hatua hii mara mbili kabla ya kuigusa.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu ikatoka dirishani. Hushuka, hutambaa sakafuni na kujikusanya mahali pa chini kabisa, ambapo kwenye gari la kulala ndipo penye godoro. Kwa sababu hiyo mtungi haukai wazi ndani ya gari. Ujengee kisanduku chake chenye mfuniko unaobana kwa mpira, na sakafuni mwake toboa matundu mawili ya upana wa sentimita 2.5 yanayotoka nje, chini ya gari. Yasitokee juu ya bomba la moshi.

Mtungi usimame wima wakati wote, ufungwe kwa mkanda. Ukilala, gesi ya maji maji huingia kwenye regyuleta na moto hutoka mrefu usiotawalika.

Unapoendesha, valvu imefungwa na regyuleta imetolewa. Sizungumzii kufunga kitasa cha jiko. Nasema valvu ya mtungi wenyewe. Mpira wa gesi usipite kwenye tundu la bati bila kuvalishwa mpira wa kinga, kwa sababu mtikisiko ni kama msumeno.

Sasa ile sabuni. Koroga povu zito, fungua valvu ukiwa umefunga vitasa vya jiko, paka povu kwenye kila kiungo: mtungi na regyuleta, regyuleta na mpira, mpira na jiko. Ngoja dakika mbili ukitazama. Pakitokea kapovu kanakokua, hata kadogo kama punje ya ulezi, funga, kaza, rudia. Fanya hivi kila unapobadilisha mtungi. Usijaribu kwa kiberiti, hata kama umewahi kumwona mtu akifanya hivyo.

Kuhusu kiasi: pleti yenye nguvu ya kilowati 2 ikiwashwa kabisa hutumia takribani gramu 150 kwa saa. Mtungi wa kilo 6 kwa hiyo hukupa karibu saa 40 za pleti moja. Kwa watu wawili wanaopika mara mbili kwa siku, hizo ni wiki mbili au zaidi. Kujua kilichobaki, upime kwa mizani ya kuning'iniza, kisha toa uzito wa mtungi mtupu ulioandikwa kwenye mtungi wenyewe. Kutikisa na kusikiliza ni kubahatisha.

Onyo kubwa: sigiri haiingii ndani ya gari wala ndani ya hema, iwe inawaka au inaonekana imezimika. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na aliyelala haamki. Baridi ya Kabale usiku inashawishi. Ongeza blanketi.

## Hatua ya 7: Zuia vumbi

Watu huziba kila ufa na bado wanakula vumbi, kisha wanalaumu mpira. Vumbi haliingii kwa bahati mbaya, linanyonywa. Gari linapokwenda, hewa nyuma yake hupungua nguvu, na pengo hilo huvuta vumbi lililotimuliwa na magurudumu hadi ndani kupitia kila tundu la nyuma.

Kwa hiyo fanya mambo mawili pamoja. Kwanza, weka mpira wa mlango kuzunguka uso wote wa droo, ubanwe na yale makomeo mawili. Mpira usiobanwa ni pambo. Pili, ukiwa kwenye murram funga madirisha yote ya nyuma na uwashe feni ya gari ivute hewa ya nje kutoka mbele. Gari likijaa hewa kutoka mbele, pumzi hutoka nyuma badala ya kuingia. Ukilikaribia gari lililo mbele yako, weka feni izungushe hewa ya ndani tu kwa muda, mpaka ulipite au ulegeze mwendo.

Unga, mchele na sukari viwe kwenye ndoo zenye vifuniko vya kuzungusha. Mifuko ya karatasi hutoboka kwa kusuguana.

Kwa mvua, paka vanishi kingo za plaiwudi mara tatu, hasa zile zilizokatwa, kwa sababu maji huingilia hapo. Turubai la juu liwe na mteremko, maji yateremke mbali na jiko. Na turubai lisiwe karibu na moto: acha angalau mita moja juu ya sufuria.

Utajua umefaulu kwa karatasi nyeupe. Iweke ndani ya droo, funga, endesha kilomita 20 za murram, kisha uipitishie kidole. Kikitoka chekundu, tafuta mwanya na taa: mtu aingie ndani usiku na tochi, wewe utazame nje ni wapi mwanga unatoka.

## Hatua ya 8: Upepo, mwanga, maji

Kizuia upepo ni bati la kukunja la pande tatu. Pembeni mwa Ziwa Viktoria jioni hutapika bila hilo. Lakini kama unatumia ule mtungi mdogo wenye pleti juu ya kichwa chake, usiuzungushie bati kamwe. Joto litarudi kwenye mtungi.

Taa iwe ya rangi ya njano, iliyofungwa pembeni, isiwe juu ya sufuria. Wadudu wa ziwani huja kama wingu kwenye mwanga mweupe na huanguka kwenye mchuzi. Mimi huning'iniza taa nyeupe kali mita kumi kutoka jikoni iwavute huko. Msimu wa nsenene, Novemba, taa hiyo hiyo hutuletea kitoweo.

Sinki sikushauri. Jerikani yenye bomba na beseni mbili hufanya kazi ile ile, na hakuna pampu ya kuharibika.

## Hatua ya 9: Safari ya majaribio

Nenda kilomita 50, nusu yake murram, ukiwa umepakia kila kitu. Ukirudi, kaza upya kila bolti. Zitakuwa zimelegea, na hilo ni la kawaida mara ya kwanza tu. Chora mstari wa rangi kupitia nati hadi kwenye bolti. Siku nyingine ukiona mstari umeachana, nati imezunguka.

Kisha pima muda. Simamisha gari, anza kuhesabu, fungua, washa, weka birika. Kama moto haujawaka ndani ya dakika tano, kuna kitu kimepangwa vibaya na hutalitumia jiko hilo ukiwa umechoka. Langu huenda hivi: mlango juu, komeo la kushoto, komeo la kulia, vuta, mguu chini, regyuleta, valvu, kiberiti. Mikono inajua njia hata gizani.

## Hatua ya 10: Kambini

Ndani ya hifadhi egesha mahali palipotengwa kwa kambi, na uulize askari wanyamapori moto unaruhusiwa wapi.

Kinachowashinda wageni wengi ni tumbili. Huko Rwonyo, Ziwa Mburo, nilikuwa nakaanga chapati, nikageuka kuchukua chumvi. Niliporudi chapati ya juu haikuwepo, na tumbili ameketi juu ya paa akiipuliza ipoe. Lilikuwa kosa langu, sahani ilikuwa wazi. Sasa kila kinachotoka kwenye kikaango kinaingia ndani ya chombo chenye kifuniko cha kubana. Nyani ni hatari zaidi. Akikaribia, usimpe chakula wala usinyang'anyane naye. Funga droo, ingia garini.

Usiku viboko hutoka majini kula nyasi na hupita karibu kabisa na mahema. Maliza kupika na kuosha kabla ya giza kuu. Mabaki na maji yenye mafuta yasimwagwe karibu na gari, fisi wana pua. Droo ifungwe kwa makomeo yote mawili kabla ya kulala, hata kama mtaamka alfajiri.

Upishi wenyewe hubadilika na mwinuko. Kampala, karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kabale, karibu mita 2,000, ni nyuzi 93. Tofauti inaonekana ndogo, lakini maharagwe yanaijua: yatakula gesi yako mchana kutwa. Yaloweke usiku kucha na utumie sufuria ya presha, au yachemshe nyumbani uyabebe yameiva. Katogo ya ndizi na njugu huiva bila shida popote.

Asubuhi ya kuondoka, fuata mpangilio huu bila kuruka: valvu funga, acha moto uteketeze gesi iliyobaki kwenye mpira mpaka uzime wenyewe, toa regyuleta, subiri pleti zipoe mpaka uweze kuzishika kwa kiganja, futa mafuta, kunja mguu, sukuma droo mpaka usikie kufuli la reli likilia, komeo la kushoto, komeo la kulia. Vuta droo kwa nguvu mara moja. Isipotikisika, shusha mlango.